Kuvunjika kwa Koleo Sio Mwisho wa Uhunzi: Maisha ya Abebe Bikila

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakuropoka waliponena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii tumeifafanua katika insha na katika mtihani, tukapata alama zetu, tukafunga daftari. Lakini kuifafanua methali ni jambo moja, na kumwona mtu aliyeiishi ni jambo lingine kabisa. Mtu huyo ninayetaka kuwasimulia habari zake ni Abebe Bikila wa Ethiopia.

Mpenzi msomaji, ukiwauliza wanafunzi kumi wa shule yetu Abebe Bikila alikuwa nani, tisa watakuambia kwamba ndiye yule Mhabeshi aliyekimbia maratoni bila viatu. Wa kumi atanyamaza. Hapo hadithi inakwisha na watu wanakwenda zao kunywa chai ya saa nne. Mimi leo nawaomba msiende kwanza. Nataka tufuatane hadi kwenye ile miaka minne na miezi saba ya mwisho wa maisha yake, ambayo watu huiruka, wakati miguu ile iliyoushangaza ulimwengu ilikuwa haisikii tena hata ikichomwa sindano. Kwa maoni yangu mimi, huko ndiko tunakoweza kumjua vizuri zaidi.

Basi tuanze mwanzo. Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, katika nyanda za juu za Shewa nchini Ethiopia. Kwa sadfa ya ajabu, siku hiyohiyo huko Los Angeles, Marekani, wanaume walikuwa wakikimbia maratoni ya Olimpiki. Hakuna aliyejua kwamba mtoto amezaliwa upande wa pili wa dunia ambaye angekuja kuyafanya mashindano yale kuwa yake. Wazazi wake walikuwa watu wa kawaida wa mashambani, na yeye alichunga mifugo kama walivyochunga watoto wengi wa rika lake. Alipokuwa na miaka mitatu tu, mwezi wa Oktoba 1935, majeshi ya Italia yaliivamia nchi yao. Mfalme Haile Selassie alilazimika kwenda uhamishoni, akarudi mwaka 1941. Hili la Waitalia msilisahau, tutalirudia.

Alipokuwa kijana, Abebe alikwenda Addis Ababa akaajiriwa katika jeshi la kumlinda mfalme. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, Mswidi mzaliwa wa Finland aliyekuja Ethiopia mwaka 1946 na akawa mkufunzi wa michezo. Niskanen aliwafanyisha askari wale mazoezi ya kisayansi: mbio ndefu siku hii, mbio fupi za kasi siku ile, kupanda milima, na kupima muda kwa saa mkononi. Abebe hakuanza kama nyota. Alikuwa na miaka ishirini na kitu alipoanza kung'ara, umri ambao wengine huku kwetu tayari wanaambiwa wamechelewa.

Mwaka 1960 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Rome. Abebe alikuwa na miaka 28 na alikuwa ameoa mwaka huohuo, mke wake akiitwa Yewebdar. Hata nafasi ya kwenda aliipata baada ya mwenzake, Wami Biratu, kushindwa kusafiri kwa sababu ya afya. Ulimwengu haukumjua. Alipofika huko, viatu vipya alivyojaribu vilimbana, na kwa vile alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, aliamua kukimbia peku. Hapa nataka nirekebishe jambo moja tunalopenda kulisema. Watu husema alikuwa maskini hana viatu. La hasha! Viatu vilikuwepo. Alichagua miguu yake kwa kuwa aliiamini kuliko viatu vinavyochuna.

Mbio zilianza jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, na giza lilipoingia askari walisimama kandokando ya barabara ya kale ya Via Appia wakiwa wameshika mienge ya moto kuwamulikia wakimbiaji. Hebu fikiria picha hiyo. Mienge kushoto, mienge kulia, na katikati mtu mwembamba mwenye namba 11 kifuani akikimbia kimya kimya, nyayo zake zikigonga mawe. Ubavuni alikuwa na Mmoroko aitwaye Rhadi Ben Abdesselam, hawaachani kama kumbikumbi. Karibu na mwisho wa njia palisimama mnara wa jiwe wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937 wakaupeleka kwao kama ngawira ya vita. Niskanen na Abebe walikuwa wameuona walipoikagua njia, na wakaufanya alama ya mahali pa kuongeza kasi. Alipoukaribia alichomoka, akamwacha Rhadi, akafika kwenye Tao la Constantine kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna mtu aliyekuwa amekimbia maratoni kwa kasi hiyo kabla yake. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki, na aliishinda katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa imeivamia yake. Mnara wenyewe ulirudishwa Ethiopia mwaka 2005.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Michezo ile ilifungwa tarehe 11 Septemba 1960. Wiki moja baadaye, tarehe 18, katika mji uleule wa Rome, walifika wanamichezo wengine wapatao 400 kutoka nchi 23. Walikuja wakiwa katika viti vya magurudumu. Wote walikuwa watu walioumia uti wa mgongo. Michezo yao leo inahesabiwa kuwa ndiyo Michezo ya kwanza ya Paralimpiki. Wao walifika mji ambao Mhabeshi yule alikuwa ametoka kuutikisa kwa miguu yake. Laiti kungekuwa na mtu wa kumnong'oneza Abebe sikioni kwamba siku moja na yeye atakuwa mmoja wao!

Turudi kwa mkimbiaji wetu. Mwezi wa Desemba 1960 makamanda wa jeshi lile la kumlinda mfalme walijaribu kuipindua serikali wakashindwa. Abebe naye alikamatwa kwa kuwa alikuwa askari wa jeshi hilo, lakini akaachiliwa, kwani hakuwa na mkono katika njama ile. Akaendelea kukimbia. Mwaka 1964, siku chache kabla ya kwenda Tokyo, aliugua ghafla na tarehe 16 Septemba akapasuliwa kuondolewa kidole tumbo. Watu walisema basi, safari hii hapana. Wiki tano baadaye, tarehe 21 Oktoba 1964, alisimama kwenye mstari na wenzake, mara hii akiwa na viatu na soksi nyeupe. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata, Basil Heatley wa Uingereza, alifika zaidi ya dakika nne baadaye. Na wakati wenzake walipokuwa wakianguka chini kwa uchovu, Abebe alikuwa kwenye nyasi katikati ya uwanja anajinyoosha viungo, anapiga miguu hewani kana kwamba hajaanza! Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushinda maratoni ya Olimpiki mara mbili. Hadi leo waliomfikia kwa kushinda mara mbili mfululizo ni wawili tu: Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1976 na 1980, na wetu Eliud Kipchoge, mwaka 2016 na 2021.

Sisi Wakenya tuna sababu ya kuikumbuka Tokyo pia, maana ndiko Wilson Kiprugut alikotuletea medali yetu ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Na huko Tokyo kulitokea yaleyale ya Rome. Mwezi wa Novemba 1964, baada ya Abebe kuondoka, wanamichezo wa viti vya magurudumu walifika wakashindana. Mara ya pili walipishana naye mlangoni.

Baada ya hapo miguu ilianza kulalamika. Kuanzia Julai 1967 aliandamwa na maumivu. Mwaka 1968 alikwenda Mexico kutafuta dhahabu ya tatu, lakini mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa na ufa, na baada ya kilomita kama 16 akatoka mbioni. Mwenzake Mamo Wolde aliendelea akashinda. Ndiyo michezo ambayo Naftali Temu, Kipchoge Keino na Amos Biwott waliipatia Kenya dhahabu zake za kwanza. Kwa jumla Abebe aliingia maratoni 16 maishani mwake na kushinda 12. Mfalme alimpandisha cheo hadi kapteni. Alikuwa na nyumba, mke, watoto, na gari dogo la Volkswagen alilotunukiwa na mfalme.

Gari hilo ndilo lililokuja kuyageuza mambo. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 alikuwa akiliendesha karibu na mji wa Sheno, kilomita kama 70 kutoka Addis Ababa, likamshinda likapinduka. Alibanwa mle ndani gizani, peke yake, mpaka asubuhi alipopatikana. Shingo ilikuwa imevunjika. Alikuwa na miaka 36.

Hapa inafaa nieleze kidogo, kwa wale ambao hawajafika kwenye mada hiyo katika biolojia. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mnapita kamba laini ya neva. Kamba hiyo ndiyo inayopeleka amri za ubongo kwenye viungo na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ikikatika au kupondeka, haiungwi kama mfupa unavyoungwa. Kila kilicho chini ya pale palipoumia hukosa mawasiliano, mfano wa nyumba zilizo upande wa pili wa waya wa simu uliokatwa. Ukiumia kiunoni unapoteza miguu. Ukiumia shingoni unaweza kupoteza hata mikono. Abebe aliumia shingoni. Mwanzoni hakuweza kusogeza hata kichwa.

Siku saba baada ya ajali alisafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Kwa nini huko? Kwa sababu huko alikuwapo daktari aitwaye Ludwig Guttmann. Huyu alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, na mwaka 1944 alifungua pale wodi ya watu walioumia uti wa mgongo. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alilazwa tu angojee siku yake. Alioza kwa vidonda vya kitandani, au maambukizi ya njia ya mkojo yakammaliza. Guttmann aliyakataa hayo. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wengi: aliwapa michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliwakusanya wagonjwa 16 bustanini mwa hospitali wakashindana kwa upinde na mishale. Kutokana na watu wale 16 ndipo ilipotoka michezo ya Rome na Tokyo niliyoisimulia hapo juu.

Mnaona jinsi kamba inavyofungana? Kwa miaka mingi Abebe alikuwa akipishana na watu wa Stoke Mandeville, yeye akitoka wao wakiingia. Sasa aliletwa mlangoni kwao akiwa amelala chali.

Alikaa hospitalini miezi minane. Barua zilimiminika kutoka pande zote za dunia, na hata Malkia Elizabeth alikwenda kumjulia hali. Lakini malkia hawezi kumgeuzia mtu shingo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kwake. Polepole kichwa kilianza kusogea, kisha mabega, kisha mikono. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi, wala haikurudi kamwe. Mtu aliyekwenda Tokyo wiki tano baada ya upasuaji akawashinda wote, mara hii alifanya mazoezi miezi minane apate kukaa kitako na kushika kikombe.

Ndugu zangu, napenda tusiyasimulie haya kana kwamba yalikuwa rahisi eti kwa sababu alikuwa shujaa. Ushujaa haumfundishi mtu kulala usiku. Alikuwa baba wa watoto wanne, wa kubebwa kama mtoto, wa kuogeshwa. Aliwaambia watu kwamba kushinda kwake Olimpiki kulikuwa mapenzi ya Mungu, na kwamba ajali nayo aliipokea vilevile, kwa kuwa hawezi kupokea la kwanza akalikataa la pili. Maneno hayo mepesi kuyasema, mazito kuyabeba.

Na sasa nasogea kwenye kiini. Mwaka 1970 Abebe alianza mazoezi ya kulenga shabaha kwa upinde, mchezo uleule wa wale 16 wa kwanza. Una maana yake mchezo huo. Kuvuta upinde kunaimarisha mikono, mabega na mgongo wa juu, yaani sehemu zilezile ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anazihitaji ili aweze kujiinua kutoka kitini hadi kitandani. Ni dawa na ni mashindano kwa wakati mmoja. Mwezi wa Julai mwaka huo alirudi Uingereza, mara hii kama mshindani, akaingia Michezo ya Stoke Mandeville katika upinde na mpira wa meza. Hakupata sifa za Rome. Alikuwa mwanagenzi miongoni mwa watu walioujua mchezo kuliko yeye. Bingwa wa Olimpiki mara mbili alikubali kuanza tena chini kabisa ya ngazi, mbele ya macho ya watu. Wangapi kati yetu tungekubali? Mtu akitolewa timu ya kwanza ya mpira akawekwa ya pili, ananuna muhula mzima.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, 1971, alialikwa Norway kwenye michezo ya walemavu. Alialikwa kama mgeni wa heshima, yaani aketi, apungiwe mkono, apewe maua, arudi nyumbani. Abebe hakukubali kuwa pambo. Alishindana kwa upinde, akashindana mpira wa meza, kisha akaingia mbio za sleji juu ya theluji, yeye mtoto wa nyanda za juu za Afrika, na akashinda. Naam, alishinda! Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu hadi abiria wa karibu akanigeukia.

Mwaka 1972 alialikwa Olimpiki ya Munich. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia alipoingia na kiti chake. Maratoni ya huko ilikimbiwa tarehe 10 Septemba, miaka kumi na miwili kamili tangu usiku ule wa mienge. Mshindi, Frank Shorter wa Marekani, alipomaliza kupokea medali yake alimwendea Abebe pale alipokaa, akampa mkono. Mwaka huohuo, huko Heidelberg, Kenya nayo ilishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe Bikila alifariki dunia mjini Addis Ababa kwa kuvuja damu katika ubongo, madhara yaliyotokana na ile ajali. Alikuwa na miaka 41 tu. Watu wanaokadiriwa kuwa 65,000 walihudhuria mazishi yake, mfalme mwenyewe akiwemo, na ikatangazwa siku ya maombolezo nchi nzima. Uwanja mmoja wa michezo mjini humo unaitwa kwa jina lake. Huzuni ya namna hiyo sisi Wakenya tumeionja pia. Kelvin Kiptum, aliyekimbia maratoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35 akaweka rekodi ya dunia, alituacha kwa ajali ya gari usiku wa tarehe 11 Februari 2024, akiwa na miaka 24. Barabara haijui bingwa.

Pengine mtaniuliza, kwa nini mimi mwanafunzi wa kutwa ninahangaika na habari za mtu aliyekufa kabla hata wazazi wangu hawajaanza shule? Nitawaambia. Nina mtoto wa shangazi aliyekuwa akicheza raga katika timu ya chuo chake. Siku moja walipoangukiana rundo, yeye akiwa chini, shingo iliumia. Sasa yuko nyumbani kwa shangazi, katika kiti cha magurudumu, mikono yake imerudi nusu. Wageni wanaokuja kumwona wana moyo mzuri, Mungu awabariki, lakini wanamsemesha shangazi juu ya kichwa chake: anakula? analala? anasikia? Na yeye yupo palepale, anasikia kila neno, na akili yake ni kali kuliko ya sisi sote. Wanaleta maziwa na mikate. Hakuna aliyewahi kuleta mchezo.

Jumamosi moja nilibeba ubao wa drafti na vifuniko vya soda. Shangazi alinitazama kama mtu aliyeleta jembe msibani. Tulicheza. Anasukuma kete kwa ubavu wa kiganja, na akishindwa ananionyesha kwa kidevu mahali pa kuiweka. Alinifunga mara nne mfululizo, na mara ya tano akanicheka. Shangazi alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi kuja kuona nani anacheka.

Simlinganishi na Abebe. Abebe alipelekwa Ulaya na serikali yake kwa kuwa alikuwa Abebe, na mgeuze mgonjwa huku na huku kila saa mbili kunataka wauguzi na vitanda na fedha. Wangapi waliopinduka na magari katika barabara ileile wakafa kimya bila malkia wala barua? Haki ya jambo hili ni lazima isemwe, la sivyo tutawaambia wagonjwa maskini kwamba wamekosa moyo, kumbe walichokosa ni hospitali. Lakini kuna kipande kimoja cha dawa ya Guttmann ambacho hakina bei. Nacho ni kumwona mtu kuwa bado ni mshindani, na kumpa cha kushindania.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa. Kila Siku ya Michezo tunawaona wenzetu wasioweza kukimbia. Kuna wenye magongo, kuna wenye pumu, kuna mmoja ambaye mguu mmoja ni mfupi. Kazi tunayowapa ni ileile kila mwaka: kulinda sweta na mifuko yetu chini ya mti. Wanalinda vizuri, hata senti haipotei. Tukimaliza tunachukua sweta zetu, tunaondoka. Je, hilo ndilo tuliloweza kuwaza kwa shule yenye vichwa mia kadhaa?

Napendekeza, kwa heshima na taadhima, kwamba Siku ya Michezo ijayo iwe na mashindano ambayo mtu anaweza kuyashinda akiwa ameketi. Meza ya mpira wa meza ipo, imeegemezwa ukutani nyuma ya stoo. Vishale vya kurusha kwenye ubao havizidi bei ya njumu za timu moja. Drafti haina gharama, soda tunakunywa kila siku. Na alama zao zihesabiwe katika jumla ya bweni, samahani, sisi wa kutwa hatuna mabweni, katika jumla ya kila mkondo, sawasawa na alama za mita 100. Zisiwe za huruma. Anayeshindwa ashindwe, anayeshinda apewe kikombe. Na sweta zetu tutafute sanduku lenye kufuli.

Walimu wa michezo watasema muda hautoshi. Nawaomba radhi kujibu kabla sijaulizwa: tukipunguza hotuba moja, muda utatosha.

Abebe Bikila anakumbukwa kwa miguu yake, na ni haki. Miguu ile ilikimbia Rome na Tokyo ikaipa Afrika jina. Lakini koleo lilipovunjika, mhunzi alibaki. Alishika upinde, akashika kibao cha mpira wa meza, akaingia theluji asiyoizoea, kwa sababu mahali fulani palikuwa na watu waliokuwa wameandaa mashindano na kumwachia nafasi kwenye mstari. Nafasi hiyo ndiyo ninayowaombea wenzetu wa chini ya mti.

Kalamu yangu naiweka hapo. Mwenye macho haambiwi tazama.